Meza imemwagiwa klorini, ukoga umebaki

Masoko ya samaki ya Mombasa huoshwa kila siku. Lisemwe hilo kwanza, maana mazungumzo ya usafi wa samaki mjini huanzia kwenye lawama, na lawama humwangukia muuzaji. Pita soko la Mji wa Kale, karibu na Bandari ya Kale, wakati wa kufunga. Au simama Likoni au Kongowea jua likianza kupinda. Utaona ndoo zinamwagwa, mafagio yanasukuma magamba mtaroni, na mara nyingi klorini inakupiga puani kabla hujafika. Sasa pitisha kidole chini ya ukingo wa meza, pale kigae kinapokutana na saruji, au kwenye ufa wa ubao wa kukatia. Kidole kinateleza. Maji yamepita, dawa imepita, utelezi haujaenda popote.

Utelezi huo ni bakteria walio hai, mamilioni kwa mamilioni, walioshikamana na meza na kujifunika ute walioutengeneza wenyewe. Maabara huuita bayofilamu. Hapa nitauita ukoga. Ukishajua unavyojengwa, utaelewa kwa nini usafi wetu mwingi wa samaki unachosha mikono, unamaliza dawa, na bado hauufikii.

Saa chache za mwanzo

Samaki akilazwa mezani huacha alama papo hapo. Protini, mafuta, damu na ute wa ngozi yake hutanda juu ya kigae au chuma, utando mwembamba ambao jicho halioni. Bakteria waliomo kwenye maji ya samaki hutua juu ya utando huo. Mwanzoni wameshika kidogo tu. Mkono unaosugua na maji safi huwaondoa wengi bila taabu. Saa zikipita huanza kutoa ute: minyororo mirefu ya sukari, protini, hata nyuzi za DNA. Hiyo ndiyo gundi yao. Ikishakolea, maji matupu hayafui dafu.

Wakizidi kuongezeka hutoleana kemikali za kujulishana kwamba sasa ni wengi, na tabia ya kundi zima hubadilika. Ute unanenepa, vinabaki vijia vya maji vya kupitishia chakula, na aina mbalimbali za bakteria zinaishi pamoja, mmoja akila taka za mwenzake. Sehemu kubwa ya ukoga kwa uzito ni maji tu. Kisha vipande hubanduka na kwenda kuanza maskani mapya: kwenye kisu, kwenye beseni, kwenye samaki wa mteja anayefuata.

Kazi hii yote huchukua saa hadi siku chache, na hapo ndipo penye nafasi yetu. Meza iliyosuguliwa kikamilifu kila jioni haiupi ukoga muda wa kukomaa. Meza inayomwagiwa maji kila jioni na kusuguliwa mara moja moja inaupa muda wote unaoutaka.

Mtu wa kwanza kuandika juu ya jambo hili hakuwa na habari na samaki. Miaka ya 1680, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, alikwangua meno yake, akatazama kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vinatembea. Akajaribu kuviua kwa siki. Aligundua kwamba siki iliyopita mdomoni iliwaua wale wa juu tu, haikupenya ndani ya ukoga. Karibu karne tatu zikapita kabla wanasayansi kulirudia suala hilo kwa uzito, miaka ya 1970, kupitia kazi za Bill Costerton wa Canada na wenzake, ambao walionyesha kwamba sehemu kubwa ya bakteria duniani huishi hivi, wameshika kitu, kuliko kuelea peke yao.

Badala ya siki weka klorini, na mambo ni yaleyale. Bakteria walio ndani ya ukoga huweza kustahimili dawa mara 10 hadi mara 1,000 kuliko ndugu zao wanaoelea. Sababu ya kwanza ni ya kikemia: klorini haichagui. Ikikutana na damu, ute au protini ya samaki, hujimaliza hapo hapo, na ikiwafikia bakteria huwa imeshapoteza makali. Ya pili ni kwamba walio ndani kabisa wamepunguza kasi ya maisha, wengine kama wamelala, na dawa nyingi huhitaji bakteria anayefanya kazi ndipo zimuumize vizuri. Wachache hawa wakisalimika, kesho yake chakula kinaletwa tena mezani, kilo kwa kilo.

Mafundi wa vyombo vya baharini wanaijua hoja hii bila kufundishwa na mtu. Chombo kikikaa majini, kinachotangulia kushika ubao ni ukoga huu huu wa bakteria, kisha mwani, kisha viumbe vya magamba. Hakuna fundi anayepaka rangi juu ya uchafu huo. Chombo hupandishwa, hukwanguliwa, hukaushwa, ndipo kinapakwa. Klorini juu ya meza isiyosuguliwa ni rangi juu ya mwani.

Waliomo ndani

Si wote wenye kudhuru mtu. Wengi wa ukoga wa meza ya samaki ni wa kuozesha tu: Pseudomonas, Shewanella na jamaa zao. Hawa ndio wanaotoa ile harufu tunayoiita ya samaki. Samaki wa bahari ana kemikali mwilini inayomsaidia kuhimili chumvi; baadhi ya bakteria hao, hasa Shewanella, huigeuza kuwa trimethilamini, na pua ya mnunuzi inakunja. Samaki hai nyama yake ya ndani haina bakteria. Wako kwenye ngozi, mashavu na matumbo. Changu aliyetoka majini alfajiri akilazwa kwenye ubao wenye ukoga wa jana anapakwa bakteria waliokwisha kuzoea kula samaki, hawana haja ya kujifunza. Anaharibika mapema zaidi kuliko angeharibika kwenye ubao safi. Kwa hiyo hata asiyejali magonjwa ana sababu ya kusugua: ni mfuko wake. Samaki anayeuzwa saa kumi kwa nusu ya bei ya saa nne, sehemu ya ile nusu iliyopotea imelambwa na meza.

Wa hatari ni wengine, na ubaya wao ni kwamba hawanuki. Vibrio huishi kwenye maji ya bahari yenye joto, na bahari yetu ina joto mwaka mzima, kusi na kaskazi. Mwaka 1950, katika eneo la Osaka, Japani, watu 272 waliugua na 20 wakafa baada ya kula vidagaa vilivyokaushwa nusu. Daktari Tsunesaburo Fujino akamtenga Vibrio parahaemolyticus kutoka kwa wagonjwa hao, na tangu hapo jina lake halikosekani kwenye orodha ya wanaougulisha walaji wa mazao ya bahari. Akipata joto na chumvi anaweza kujigawa kila dakika 10 hivi. Ndugu yake, Vibrio cholerae wa kipindupindu, ana mapenzi na maganda ya kamba na kaa: hung'ang'ania yale maganda na kujenga ukoga juu yake. Habari njema ni kwamba parahaemolyticus hawezi kukua bila chumvi, na kusuuza samaki kwa maji safi ya bomba humpunguza.

Listeria ana tabia nyingine. Friji haimtishi. Hukua polepole hata karibu na nyuzi 0, hustahimili chumvi, na hupenda mitaro ya sakafuni, mipira ya milango ya friji na mashine za kukata minofu. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda asisikike. Kwa mama mjamzito anaweza kuharibu mimba, na kwa mzee au mgonjwa anaweza kuua. Samaki wa kukaanga hafiki naye mbali. Anayefika naye ni samaki wa kuvutwa moshi baridi, saladi ya pweza na vyakula vya mahoteli vinavyokaa kwenye baridi siku kadhaa kisha vikaliwa bila kupashwa moto.

Na yupo anayetoka kwetu wenyewe: Staphylococcus aureus, mkazi wa pua na vidole vya watu, anayehamia kwenye ubao kupitia mkono wenye kidonda.

"Si tunamkaanga?"

Hili ndilo jibu utakalopewa sokoni, na lina haki. Mafuta yanayochemka huua bakteria wote niliowataja. Pwani hatuli samaki mbichi kwa mazoea, na upishi wetu umetuokoa na mengi.

Lakini moto hauondoi kila kitu. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria kama Morganella hutengeneza histamini katika nyama yao. Histamini haipungui kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Mlaji anawaka uso, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, vipele vinatoka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Wengi husema wana mzio wa samaki na kumwacha jodari maisha yao yote, kumbe walikula jodari aliyelazwa vibaya. Kikomo cha histamini katika Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo, na kaskazi ikileta jodari kwa wingi kuliko barafu iliyopo, kiwango hicho hakiko mbali. Sumu ya Staphylococcus nayo huvumilia moto kuliko yeye mwenyewe aliyeitoa.

Jambo la pili linaniudhi zaidi, kwa kuwa linatokea mbele ya macho. Mama karanga, mchuuzi wa samaki wa kukaanga, ananunua samaki, anampara, anamkata, anamtia chumvi, anamkaanga akakauka vizuri. Kisha anampanga kwenye sinia au beseni lile lile lililombeba akiwa mbichi, lililosuuzwa kwa maji ya ndoo moja ya siku nzima. Samaki yuko vuguvugu, chakula tayari, na bakteria waliobaki kwenye mikwaruzo ya plastiki hawana wa kushindana nao kwa sababu moto umewaua wenzao wote. Anauzwa jioni, saa tano au sita zikiwa zimepita. Hapo ukaangaji haukusaidia kitu. Na tiba ni beseni la pili tu, la rangi nyingine.

Mahali ukoga unapojificha

Unaanzia majini. Mitumbwi na mashua zetu nyingi hazina sanduku la barafu. Samaki hulala juu ya mbao, wa chini wakiogelea kwenye maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo, yaliyochanganyika na damu ya juzi. Wanapoteremshwa, huoshwa kwa maji ya bahari ya pale pale ufukweni. Maji ya mbali, nje ya mwamba, hayana neno kubwa. Maji ya mkono wa bahari wa Tudor, unaopokea maji taka ya mji, ni kisa kingine, na anayeosha samaki humo anampaka, hamwoshi.

Barafu inafuata. Watu huamini barafu ni safi kwa kuwa ni baridi, lakini kugandishwa huwapumzisha bakteria wengi bila kuwaua. Kipande kikivunjwa kwa nyundo ndani ya gunia sakafuni, kinabeba sakafu. Barafu ya jana iliyobaki ikirudishiwa samaki wa leo, ni supu ya jana iliyoganda. Sanduku lenyewe, likipasuka ndani, maji huingia kwenye sponji ya ukuta wake, na hapo hakuna brashi inayofika. Mashine za kutengeneza barafu hazisalimiki: mabomba na matangi yake huota ukoga wa rangi ya waridi au kijivu yasiposafishwa. Kwa nchi za joto kama yetu kanuni ya kazi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na maji yanayoyeyuka lazima yawe na pa kutokea. Sanduku lisilo na tundu chini linamlowesha samaki katika maji ya wenzake.

Nikae kidogo kwenye gogo la mkata samaki, maana ndipo pabaya kuliko pote. Lina miaka. Katikati limebonyea kwa mapanga, na bonde hilo linajaa maji ya waridi yenye magamba. Wakati wa kufunga mkataji anakwangua juu kwa upanga, anamwaga ndoo. Maji ya pembeni yanaruka, ya bondeni yanazunguka na kubaki. Anapangusa kwa kitambaa alichopangusia mikono, kisu na noti tangu alfajiri. Ananyunyiza klorini, anafunika kwa plastiki ili paka na panya wasifike. Chini ya plastiki hiyo kuna unyevu, giza, chakula na joto la usiku wa Mombasa lisiloshuka sana chini ya nyuzi 20. Ukiambiwa ufuge bakteria usingeweza kupanga vizuri zaidi.

Je, mbao zipigwe marufuku? Wakaguzi wengi wangependa, lakini kisa si chepesi hivyo. Miaka ya 1990 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walilinganisha mbao na plastiki. Waliona bakteria wakinywewa na ubao mkavu na kushindwa kurudi juu, ilhali plastiki iliyochanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafishika kwa mkono kuliko plastiki mpya. Siri ya ubao ni kukauka. Ubao wa nyumbani hukauka. Gogo la sokoni halikauki abadan. Maoni yangu: sokoni plastiki nene inafaa zaidi, kwa sharti irandwe au itupwe ikishajaa mikwaruzo, na nani atagharamia hilo ni swali la haki kuulizwa kabla ya kumnyang'anya mtu gogo lake. Chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko vyote viwili kwa kulaza samaki, ila huwezi kukatia juu yake.

Kitambaa, kwa ufupi: kitupwe, au kichemshwe kila siku.

Kuosha kwa mpangilio

Mpangilio ndio dawa. Kwanza kwangua na kuondoa magamba, matumbo na damu iliyoganda. Suuza kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, si ya moto, maana maji ya moto huipika protini ya samaki ikagandamana na meza kama yai kwenye kikaango. Kisha sabuni na brashi ngumu. Hapa ndipo ukoga unapovunjika. Mkono una kazi kubwa kuliko kemikali yoyote. Sabuni ya unga ya kawaida, kwa kuwa ina ualkali, hukata mafuta na protini vizuri. Makumbi ya nazi yanasugua gogo na saruji barabara, mradi yawe mapya, maana kumbi bichi la wiki ni ukoga kwa haki yake. Mchanga na waya wa kusugulia masufuria acha kwenye plastiki: huchimba mikwaruzo ambayo kesho itakuwa maficho.

Suuza sabuni yote itoke. Ndipo klorini.

Watu wengi huimimina kwa macho, na macho hukosea pande zote mbili. Hesabu yake ni hii. Klorini ya maji ya dukani hapa mara nyingi huandikwa asilimia 3.5, yaani kila mililita ina karibu miligramu 35. Kwa meza iliyokwisha kusuguliwa unataka miligramu 200 kwa lita. Mtungi wa lita 20 basi unahitaji miligramu 4,000, ambazo ni mililita 115 hivi, pungufu kidogo ya nusu ya kikombe cha mililita 250. Chupa ikisema asilimia nyingine, hesabu inabadilika, kwa hiyo isome. Changanya asubuhi au jioni hiyo hiyo. Jua na joto huiua klorini, na chupa iliyokaa juani dukani miezi mingi ina nguvu ndogo kuliko maandishi yake. Iache mezani dakika 10. Kumwaga na kufuatisha maji papo hapo ni kuosha mtaro kwa pesa zako.

Ukizidisha sana haisaidii: inakula chuma, inachoma mikono na kuacha ladha kwenye samaki. Na kuna onyo moja la uzito. Klorini isikutane na ndimu, siki wala dawa ya asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoziba kifua. Nasema hivyo kwa kuwa ndimu iko kila meza ya samaki, na wengi huitumia kukata shombo kwenye ubao.

Mwisho meza ikauke. Isimamishe mbao wima, ziegemee ukuta, upepo upite pande zote. Beseni lipinduliwe. Kukauka hakuwaui bakteria wote, wapo wanaovumilia wiki nyingi, lakini hakuna anayejenga ukoga bila maji. Jua la Mombasa ambalo mchana tunalikimbia linafanya kazi hii bure.

Mwenye moto ana njia ya mkato kwa vyombo vidogo: visu, vijiko na sinia vikishaoshwa kwa sabuni, vitiwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Mama karanga ana jiko linawaka siku nzima. Klorini kwa visu vyake si lazima kabisa.

Tahadhari kuhusu mipira ya maji yenye presha. Inafurahisha, uchafu unaruka. Unarukia wapi ndilo swali. Ikielekezwa kwenye mtaro hurusha matone madogo yaliyobeba Listeria na wenzake hadi juu ya meza iliyosafishwa dakika tano nyuma. Anza meza, malizia sakafu na mtaro, kwa brashi isiyorudi mezani kamwe.

Maji yenyewe yako wapi?

Yote niliyoandika hapo juu yanahitaji maji mengi, na Mombasa maji ni bidhaa. Kisiwa hakina chanzo chake cha kutosha. Mji hutegemea mabomba ya mbali, kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere na visima vya Tiwi. Bomba likikauka, muuzaji samaki ananunua mitungi ya mkokoteni kwa pesa zake, na kila mtungi anaomwaga mezani ni faida inayoondoka. Anayemshangaa kwa kusuuza mabeseni sita kwa ndoo moja hajapiga hesabu hiyo. Maji ya kisima cha chumvi hutumika kuziba pengo, lakini sabuni haitoi povu humo, na kisima kilichochimbwa karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na bakteria kuliko meza.

Ndiyo maana naona msako wa maafisa unaokuja na vitabu vya faini kabla ya bomba ni kazi bure. Sheria zipo, kuanzia Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hadi kanuni za usalama wa samaki. Kilichokosekana ni meza yenye mteremko ili maji yasisimame, pembe za mviringo zisizo na ufa wa vigae, tangi la maji juu ya paa na mtaro unaopitisha. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vimeonyesha kwamba wavuvi na wachuuzi wanaweza kujipangia zamu na ada ndogo za usafi. Pasipo maji, zamu hiyo inabaki kwenye karatasi.

Tumeshaona pesa zikibadilisha mambo zikitaka. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya uliwafungia mlango samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Viwanda vya kuuza nje vikalazimika kujenga upya, kuweka chuma badala ya mbao, kupima maji na kuandika kumbukumbu. Samaki wa mlaji wa Ulaya akapata meza nzuri. Samaki wa mitaa ya Majengo na Kisauni akabaki kwenye gogo.

Viwanda hivyo leo vina silaha ambazo soko la kawaida halijaziona. Kuna asidi ya perasetiki, ambayo hupenya ukoga na haisumbuliwi na uchafu kama klorini. Kuna vimeng'enya vinavyoukata ute wenyewe, wa sukari kwa kimoja na wa protini kwa kingine, bakteria wabaki uchi ndipo dawa ifuate. Kuna virusi vinavyowala bakteria peke yao bila kumgusa mtu. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vinyunyizwe kwenye nyama iliyo tayari kuliwa kupambana na Listeria. Na kuna kipimo cha pamba: unapangusa meza, unaingiza pamba kwenye kifaa cha mkononi, na mwanga unaotoka unakwambia kama mabaki ya viumbe yapo. Hicho cha mwisho ndicho ningependa kukiona mikononi mwa maafisa wa afya wa kaunti, maana kingemaliza ubishi wa kama meza "imeoshwa". Havijachukua nafasi ya brashi, hata viwandani.

Mnunuzi naye ana la kufanya zaidi ya kutazama macho na mashavu ya samaki. Tazama ubao: umelowa tu au umesimamishiwa maji? Tazama barafu, ni nyeupe au ina rangi? Ukimwambia mkataji kwa adabu, "Mama, naomba unisugulie ubao kidogo kabla hujamkata," wengi hawakasiriki, na foleni nyuma yako inasikia. Chagua jodari na nguru asubuhi, au usiwachague. Ukifika nyumbani msuuze kwa maji ya bomba, mtie kwenye baridi mara moja, na ubao uliomkatia usipitishiwe nyanya na vitunguu vya kachumbari hadi uoshwe kwa sabuni ukauke. Kachumbari haipiti motoni.